Jicho la Mama Halfani

Mwaka 1996, biashara ya mawe iliposhamiri mikononi mwa watu binafsi na magari ya Tunduru yakipita Masasi kutwa kucha, mwalimu Elineema alifungua chuo kidogo cha vito nyuma ya soko. Siku ya kupokea wageni, Nurdin, dalali mchanga wa Lisekese, alikwenda na shangazi yake Siti, ambaye kwao huitwa Mama Halfani, aliyekuwa amekuja kumtembelea kutoka Kitangari.

Siti alichambua korosho kwa daraja za weupe kiwandani Newala miaka kumi na tisa, hadi kilipofungwa. Tangu hapo alikuwa mkulima tu, na hakuna aliyemuuliza tena anajua nini.

"Shikamoo mama," mwalimu alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimemsindikiza huyu."

Mwalimu aliwaonyesha rubi na yakuti samawi, akawapa lenzi wazichungulie ndani. Kisha akamimina almasi saba ndogo kama punje za mtama juu ya karatasi nyeupe. Akaeleza kuwa daraja la almasi hutokana na uzito, ukataji, usafi na rangi, na kwamba kadiri inavyokosa rangi ndivyo inavyopanda daraja.

"Zilazeni kifudifudi, mzitazame ubavuni. Nani atazipanga, kuanzia nyeupe kabisa hadi yenye umanjano?"

Nurdin alijaribu, akachanganya tatu. Madalali wawili wakakosea vilevile.

"Mbona zote nyeupe!" mmoja alinung'unika.

"Nijaribu mimi," Siti alisema.

Watu wakacheka. Nurdin akamvuta kanga. "Shangazi, hizi si korosho."

"Nimeona kuwa si korosho," alijibu, akavuta kiti.

Kwanza aliiondoa karatasi juani, akaisogeza kivulini karibu na dirisha. Akashika kibanio, akapanga moja moja bila haraka. Sita zilikaa kwenye mstari. Ya saba akaiweka pembeni.

"Hii si mwenzao, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Inamwaga rangi nyingi mno, kama mafuta juu ya dimbwi. Wenzake wametulia."

Mwalimu alifungua daftari, akalinganisha mstari wote, kisha akainama kuyapulizia mawe pumzi. Ukungu ulitoweka papo hapo kwenye yale sita. Kwenye la saba uliganda.

"Ni bandia," alisema. "Nililichomeka nije niwashike nalo mwisho wa somo. Na mstari wa mama huyu hauna kosa hata moja!"

Chumba kizima kikapiga makofi. Dalali aliyenung'unika alisimama, akampa Siti mkono.

"Mama, njoo Jumatatu," mwalimu alisema. "Uwafundishe hawa kuchambua, nami nikufundishe majina ya mawe."

"Jumatatu naokota korosho. Nitakuja Jumanne."

Nje, Nurdin alikuwa akimsimulia kila aliyepita sokoni: huyu ni shangazi yangu, ndugu wa baba, mwalimu wa almasi! Siti alikaza kanga kiunoni. Akapiga kigelegele mwenyewe, kirefu, hadi wauza mihogo wakageuka kutazama.