Udongo Uliolishwa Chuma

...lakini ni meupe mno, hiyo ndiyo shida yake, maji ya mto wao yamekuwa ya manjano kama mkojo wa lama zizini tangu mgodi ufunguliwe huko juu, hata kipofu huyajua, na leo eti yamekuwa meupe kwa kukorogwa na tope jeusi, nani kaona kitu kikisafishwa kwa tope, anawaza Fortunato Choque na kikombe mkononi, na kijiji kizima kimemtumbulia macho yeye, hakimu wa maji, mtu aliyewahi kusema bomba litapasuka Jumanne na Jumanne likapasuka, akinywa watakunywa, kesho tangi litafunguliwa na mjukuu wake Nayra atajaza hapo chupa ya shule, Nayra ambaye daktari alisema damu yake ina risasi, Fortunato akamjibu mbona mwaka huu hajasikia bunduki, daktari akacheka, akasema risasi hii ni madini, sumu inayoshuka na maji ya mgodi, yeye hakucheka... "Kunywa, mjomba," anasema Wilma, "au unangoja yaote majani?" na watu wanaangua kicheko, Wilma huyu, mtoto wa dada yake, aliyebebwa naye mgongoni akiwa na makamasi, akaenda Oruro kusoma akarudi injinia, na injinia ni injinia hata akiwa wa damu yako, anasema udongo ni wa shimo lao wenyewe, uleule wa chaco wanaoukoroga kuwa mchuzi na kuchovyea viazi vichungu visiwasokote tumbo, yeye kaulisha chembe za chuma tu, ndogo hata jicho la tai kondori haliambulii kitu, chuma kinakamata risasi, udongo unakishika chuma kisigandamane, halafu sumaku inavikusanya vyote pamoja, haya, maneno matamu, ila udongo walioachiwa na bibi zao ulitoka hapa mweupe ukarudi mweusi kama tako la chungu, na mtu akirudi safari na rangi nyingine humuulizi alikopitia?... na yule bwana wa mgodi mwenye kofia ngumu naye alikunywa mbele yao, gudu gudu, akajifuta masharubu, wakampigia makofi, kumbe chupa kaijaza mjini, tangu siku ile Fortunato haamini koo la mtu... na halafu, ngoja, kwao anayekaribisha ndiye huonja kwanza, Wilma hajaonja, kwa nini hajaonja, "Mbona wewe hunywi?" sauti inamtoka kabla hajaituma. "Ningemtangulia hakimu ungesema sina adabu." "Adabu uliisahau Oruro. Kunywa." Wilma anachukua kikombe, anamwaga tone chini kwa Mama Ardhi, anakunywa mpaka nusu, anamrudishia, "Haya, na mate yangu umepewa bure," watu wanacheka tena, na ni koo lilelile alilokuwa akilitilia uji, limepanda limeshuka, na maji kayateka yeye Fortunato mwenyewe mtoni asubuhi, kwa ndoo yake, hajaiachia hata alipokwenda haja, hapa hapana chupa ya mjini... basi mashaka yake yanakosa pa kukaa, yanazunguka kama mbwa kabla ya kulala, maji ni safi, sawa, ni safi, lakini risasi haifi, nani kaizika, kama haimo kikombeni imekwenda wapi, sumu ni kama mwizi, ukimfukuza nyumba hii hulala nyumba ya pili... na macho yanashuka yenyewe, yanatua kwenye beseni, tope lile lililovutwa na sumaku, Wilma kalimimina mle na kuliweka chini, laini, zito, limetulia, kando kabisa ya kitambaa cha chakula ambapo viazi vya kila nyumba vinafuka moshi kama desturi ya mkutano, ee mtoto wa dada, umesoma mpaka ukasahau kwenu, beseni la udongo kando ya viazi, hapa, ambako mtoto hujua kuchovya kabla hajajua kusema mama... "Chaco gani hii nyeusi?" jirani yake Hilarión anauliza huku akimenya kiazi. "Ya kisasa," anajibu Basilia, mke wa Fortunato, Nayra kamwegemea gotini na kiazi chake, "ina chuma, inaongeza damu, si umemsikia injinia? Wewe itakuongezea na nguvu za usiku." "Basi nipishe nipite..." na kila mtu anacheka, na Wilma hasikii, yeye anakitazama kikombe tu, "Mjomba, bado nusu," anasema, nusu, kumbe siku nzima amekuwa akilinda mlango na mwizi yumo jikoni, maji atayanywa, atayanywa yote na kulamba kikombe, lakini kwanza, na kikombe kikiwa palepale kifuani, hakijapanda wala kushuka, Fortunato anainua mguu wenye ndara ya tairi, ndara iliyotoka zizini, na kuutumbukiza katikati ya beseni mpaka kifundoni, anausimamisha humo, wacheke, waseme hakimu kalewa, naye hautoi mpaka Wilma amwambie tope hili litalala wapi, na Hilarión anakitazama kiazi chake, anakipuliza, anakila kikavu...