Macho ya Kuazima

Maneno yalianzia kwa wauza ndizi, yakavuka kwa wauza viazi, yakafika mezani kwa Mwanaheri asubuhi ya kufungua belo, mikono yake ikiwa imezama kwenye magauni ya mtumba. Kwamba kuna binti asiyeona, humuhumu Rungwe, watu wanamchezea mtandaoni kama mwanasesere, na wanaomwangalia wanavunjika mbavu.

"Wa wapi huyo?"

"Wengine wanasema Isongole, wengine Lufingo," alisema Tupokigwe, muuza ndizi wa meza ya jirani. "Mimi nimesikia tu. Wakimwambia vaa hiki, anavaa. Wakimwambia onja hiki, anaonja. Mwe bandu, jamani! Watu wana roho gani?"

"Na wazazi wake je?" Mwanaheri alikung'uta gauni kwa hasira. "Mtoto kama huyo unamwachaje peke yake na simu?"

Alisema hivyo, lakini yale maneno yalimganda. Akikaanga vitunguu yanamjia. Akisujudu yanamjia. Maana na yeye alikuwa na binti asiyeona, Shadya, wa kidato cha tatu, ambaye macho yake yalizimika kwa ugonjwa akiwa shule ya msingi. Akajituliza: wetu hayuko Isongole wala Lufingo, wetu yuko hapa Tukuyu mjini, na ana mtu mwema anayemsaidia.

Simu ya Shadya ilikuwa inaongea. Kila alipogusa kioo, sauti ilimtajia alichogusa, ikamsomea ujumbe, ikamsomea notsi anazotumiwa na mwalimu. Ndiyo iliyokuwa daftari lake na kitabu chake. Mwanzoni ilibwata nyumba nzima, hata shangazi akituma salamu kila mtu anajua. Shadya akija sokoni wateja walitania: "Mama Shadya, mzime huyo mtangazaji wako, anatukosesha bei!" Mwanaheri akaona aibu, akamnunulia mtoto hedifoni. Tangu hapo nyumba ikawa kimya. Yeye akauita utulivu.

Kwenye kundi la mtandaoni la vijana wasioona, kundi la heri kabisa, mtu mmoja alimfuata Shadya pembeni, akajiita Kaka Nuru. Akamwambia: ukikwama nipigie kwa video, nielekezee kamera, nami nitakwambia mbele yako kuna nini. Rangi ya nguo, maandishi kwenye pakiti, chochote. Mwanaheri, ambaye kila asubuhi alikuwa anakimbizana na meza huku mtoto anauliza "mama hii rangi gani, mama hii ya nani," aliona mzigo umepata mbebaji. Siku moja alichomoa hedifoni, akasogea mwenyewe mbele ya kamera.

"Mwanangu, sikujui sura, lakini Mungu akuzidishie. Umekuwa macho ya binti yangu."

"Amina, mama," sauti ilijibu kwa adabu. "Huyu ni mdogo wangu kabisa."

Halafu vituko vikaanza. Sikukuu ya Idd Shadya alitoka na viatu viwili tofauti, kimoja cha baba yake. Wageni walipewa chai ya chumvi. Siku nyingine alikwenda madrasa amejifunga kichwani tambara la kupigia deki, tena amelibana vizuri kwa pini. Kila mara Mwanaheri alimfokea: "Shadya, siku hizi akili unaiweka wapi?" Mtoto aliinamisha kichwa.

Ikawa siku ya mvua. Jairo, dereva wa bodaboda, alijibanza chini ya turubai la Tupokigwe huku akicheka peke yake na simu yake.

"Mama, njoo uone kichekesho," alimwita Tupokigwe. "Ndiyo yule kipofu wanayemsema. Yuko laivu kila Ijumaa, hivi ni vipande vya nyuma. Watu wanapiga kura aambiwe nini, jamaa anamwambia."

Mwanaheri akasogea na yeye. Kwenye kioo aliona ukuta wa bluu wa jikoni kwake. Aliona mkono wa Shadya ukipapasa makopo mawili, na ile sauti ya adabu ikisema, "La kushoto ndiyo sukari, mdogo wangu." Chini yake maandishi ya vicheko yalipanda kama mchwa. Picha ikaruka, akajiona mwenyewe, kilemba kimekaa upande, akiomba: Mungu akuzidishie. Hapo ndipo waliposhangilia kuliko pote.

Jairo aligeuka. Alimtazama Mwanaheri, akatazama simu, kicheko kikamkauka.

"Mama Shadya... wallahi sikujua ni kwako."

"Na angekuwa wa Lufingo ungeendelea kucheka?"

Mwanaheri aliiacha meza wazi, akaenda nyumbani analowa.

Alimkuta Shadya anakunja nguo. Akamweleza yote, maana angeficha vipi jambo ambalo mji mzima unalijua? Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Na lile tambara?"

"Lilikuwa la deki, mwanangu."

"Vidole vyangu vilijua, mama. Vilisema hili ni gumu, linanuka sabuni. Yeye akasema ndiyo fasheni mpya. Nikavikatalia vidole vyangu."

Idrisa, baba yake, alirudi na hasira za baba. Aliinyakua ile simu, akafuta kila kitu: namba, jumbe, historia ya simu zote. Kesho yake walipofika polisi, askari aliwapokea vizuri, akaomba namba ya yule mtu na jumbe zake. Walikuwa na nini mkononi? Jina la Kaka Nuru, basi. Walipomtafuta Jairo awaonyeshe video, ule ukurasa ulikuwa umeshafungwa. Yule mtu yuko huko aliko, pengine sasa hivi anamwita mwingine mdogo wangu.

Mwalimu Atupele, anayewafundisha wanafunzi wasioona, alikuja mpaka nyumbani. Aliweka upya programu ya kusoma, akaiweka simu mapajani mwa Shadya.

"Mwanangu, mtihani unakuja. Bila hii utasomaje?"

Shadya hakuigusa. "Mwalimu, hii nayo ni sauti tu. Nani ataniambia kama inachosoma ndicho kilichoandikwa?"

"Nitakwambia mimi. Mama yako atakwambia."

"Mama ndiye aliyemwombea dua."

Mwanaheri alikuwa mlangoni, akatamani ardhi ipasuke. Hata leo Shadya hajarudi shule. Juzi mama yake alimpelekea mtandio mpya kutoka kwenye belo, akamwambia ni wa kijani, unapendeza. Shadya aliupapasa pindo kwa pindo, akaunusa, akaukunja, akaurudisha mikononi mwa mama yake. Hata kuuliza rangi ameshaacha.

Akina mama wanaokuja mezani wakiwa na watoto wenye simu, wanaoona na wasioona, Mwanaheri anawaambia haya, wachukue wasichukue:

Usimwachie mtu usiyemjua awe macho au masikio ya mwanao. Kama ni msaada, uwe wa ndugu, wa mwalimu, au wa mtu mnayemjua mpaka nyumbani kwake.

Usinunue ukimya. Simu ya mtoto ikiongea, iache iongee.

Usikubali anayemvuta mtoto pembeni kutoka kwenye kundi, hata awe na adabu ya namna gani.

Kamera isiwashwe chumbani wala jikoni bila mkubwa anayeona kuwepo.

Usimfokee mtoto kwa kituko kabla hujamuuliza nani kamwambia.

Usifute chochote. Peleka simu polisi kama ilivyo.

Usimnyang'anye simu anayoisomea.

Usicheke video ya mtoto wa mtu.