Mwethya Hauna Muhuri

Kufikia saa nne Kavindu alikuwa amemaliza chapati za asubuhi na kuosha masufuria. Alimbembeleza mwenye hoteli amruhusu kutoka kidogo, akavuka barabara ya Kabati hadi saiba ya Sandra, kibanda cha kompyuta na intaneti, unga bado mikononi. Maombi ya kazi ya mradi wa maji yalikuwa yanafungwa leo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhamasisha vikundi vya wanawake wajenge mabwawa ya mchanga, na kituo kilikuwa Mukuyuni, upande wa Makueni. Kavindu hakuwa na haja ya cheo. Mukuyuni ndiko alikokuwa bintiye Mbinya, aliyelelewa na nyanya yake tangu ndoa ya Kavindu ilipovunjika. Alikuwa na hamu na mtoto yule mpaka siku nyingine alijikuta akisukuma chapati moja ndogo, ya kutosha mkono wa mtoto, halafu akaila mwenyewe. Siku hizi Kavindu akipiga simu, Mbinya alimwita auntie; mama kwake alikuwa nyanya.

Sandra aliiambia AI ya kwenye kompyuta iandike CV. Ikamaliza kabla Kavindu hajapata kiti. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvaa suti: kiongozi mahiri, mchapakazi mwenye maono. Kavindu alijisoma, akaona haya, halafu akajipenda kidogo.

"Si umeiva!" Sandra akacheka. "Lakini mpelekee Mwalimu kwanza. Hii kitu inasifu kila mtu."

Mwalimu Nzuki alikuwa amestaafu, ila kustaafu hakukumfaa. Kila siku alikaa kwenye benchi nje ya saiba, akiwasomea vijana CV zao bila malipo, penseli sikioni.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Huyu mimi simjui. Tangu asubuhi nimesoma wengine kama yeye, wote ni dynamic." Akamtazama juu ya miwani. "Ile dam ya Tulia, nani alikuwa anaita wamama wabebe mawe?"

"Aah, Mwalimu. Hiyo si kazi. Ni mwethya tu."

Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Mwethya, ile kazi ya kusaidiana ya Wakamba, ni leo shamba la huyu, kesho la yule, na kwa sababu hakuna mshahara tunadhani hakuna kazi. Alipokuwa ameolewa kijijini Tulia, Kavindu aliwaongoza wanawake kiangazi baada ya kiangazi. Alipanga zamu, akasuluhisha ugomvi wa mawifi, akabeba mawe nao mpaka mto mkavu ukashika maji. Mashine haikuambiwa hata neno moja la hayo.

Sandra akaiambia. Ikampa Kavindu cheo cha mkurugenzi wa miundombinu.

"Toa hiyo," Mwalimu alisema, penseli ikishuka. "Andika mwethya. Andika mawe."

Wakaendelea hivyo, mashine ikipanga, Mwalimu akikata, Sandra akipiga chapa, mpaka ukurasa ukafanana na Kavindu. Mara hii alipousoma hakuona haya. Aliwakumbuka wenzake wa Tulia wakiimba na mawe vichwani, akatamani hata uchovu ule.

Katika ofisi ya mradi, karani Musyimi alikuwa amezungukwa na bahasha.

"Hii experience ya Tulia, barua ya employer iko wapi?"

"Mwethya hauna employer, bosi."

"Basi nitajuaje ni ukweli?"

"Dam iko hapo. Hata leo ng'ombe wanakunywa."

"Siwezi weka dam kwa file, dada yangu. Leta kitu iko na stamp. Wenzako wameleta."

Alikimbia kwa chifu amgongee muhuri. Chifu alikuwa mkutanoni Kitui, na aliyekuwa mlangoni hakujua atarudi lini.

Sandra alipomwona amerudi na bahasha ile ile, alifungua droo. "Mimi niko na stamp. Tunasema ulikuwa field officer wangu. Nani atauliza?"

"Na mwethya?"

"Hatuwezi weka zote mbili, Kavindu. Miaka ni ile ile."

Kavindu alichungulia nje. Mwalimu alikuwa ameenda kula, na moyoni Kavindu alishukuru. Aliwafikiria wale wanawake, kisha akamfikiria Mbinya.

"Andika," alisema.

Mashine haikubisha. Iliifuta Tulia na kuziba pengo kwa maneno mazuri.

Ofisini, Musyimi aliangalia muhuri, hakuangalia kingine. "Sasa umejipanga," alisema, akaitupa bahasha juu ya nyingine. "Tutakupigia."

Kwenye benchi, Mwalimu alikuwa amerudi. "Wamechukua?"

"Wamechukua, Mwalimu."

"Mwethya umewashangaza, eh?"

"Umewashangaza." Kavindu alitazama viatu vyake. Alijichukia, na bado aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote duniani.

Nyuma ya hoteli, kabla ya kuanza chapati za jioni, alipiga simu Mukuyuni. Ilipokewa na sauti ndogo.

"Auntie wa Kabati?"

"Mbinya, ni mama."

"Mama ameenda mtoni."

Kavindu aliibana simu sikioni. Alisikia kuku upande ule, na mtoto akipumua karibu na simu, akingoja.

"Haya basi," alisema. "Akirudi, mwambie mama nimepeleka makaratasi."