Kofia kwenye Mpini

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa mnene kama mkono wa mtu mzima, na komeo lake lilikuwa moja tu, la nje. Injinia alitaka la pili, la ndani. Kiwanda cha zamani cha barafu, kilichokuwa kikioza ukingoni mwa maji, kilikuwa kinageuzwa kuwa ukumbi wa wananchi, na chumba hicho kingekuwa maktaba ya watoto. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikataa katakata mlango wa kihistoria kutobolewa. Naye alikuwa mjomba wa injinia, tena mjomba aliyemlea.

"Nimefanya kazi humu tangu kijana mpaka mvi," alisema walipokwenda kuukagua. "Hajafungiwa mtu hata mmoja. Ninyi wasomi mkiona mlango mnaona jeneza."

"Mjomba, mtoto hajui..."

"Hebu ingia nikuonyeshe, injinia wa makomeo."

Mjomba alivua kofia, akaitundika kwenye mpini wa nje, akaingia, injinia nyuma yake. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyopangusa miguu mlangoni. Walikuwa nyuma ya nguzo ya mwisho, mjomba akieleza jinsi mapande ya barafu yalivyopangwa, mwanga ulipokatika na mlango ukajibana kwenye fremu.

Mjomba alicheka. Akagonga kwa kiganja. Nje, mashine ya kukwangua ukuta ilikuwa ikinguruma. Ndani, simu hazikuwa na mtandao. Akagonga kwa ngumi. Kicheko kikamwisha.

"Hawawezi kufunga," alisema. "Kofia ipo pale. Ukiona kofia, ujue mtu yumo, hufungi. Hata mlevi alilijua hilo."

"Mlevi wa lini?"

Mjomba aligonga tena.

Injinia aliwasha tochi ya simu. Jasho lilikuwa likimtiririka mzee shingoni. "Hewa iliyomo inatutosha mpaka kesho."

"Kesho! Hiyo ndiyo pole yako?"

Injinia alikuwa amepiga hesabu kweli. Alichuchumaa hadi kimo cha mtoto, akapapasa bati la mlango. Hapakuwa hata na pa kutia ukucha.

"Mjomba, kilichowalinda ni kofia. Mlango haujawahi kumlinda mtu."

Mzee aliketi sakafuni, sikio kwenye bati. Walikaa hivyo kwa muda mrefu.

Mlango ulipofunguka, fundi wa kupaka rangi alikuwa amesimama na brashi. Uso wa nje wa mlango alikuwa amekwisha kuupaka. Alitaka kupaka ukingo.

"Loo! Kumbe mko humu? Kofia nimeihifadhi, mzee, isije ikachafuka."

Injinia alingoja matusi. Mjomba alitoka, akavuta pumzi, kisha akageuka upesi na kuutia mguu kizingitini, mlango usije ukarudi.

"Lete drili," alimwambia mpwa wake.

"Mzee, rangi mbichi hiyo, kiatu chako..."

"Lete drili, nimesema."

Hakuuondoa mguu mpaka ncha ya drili ilipotokeza upande wa ndani.