Hatua Nne za Karakana

Siku ile nilikuwa na hasira ya kuchemsha maji ya mtaa mzima, na ndoo ya kwanza nilistahili kujimwagia mwenyewe.

Nilikuwa msimamizi wa karakana ya mbao. Mnoaji wa misumeno na mkataji walikuwa mashemeji, maana mkataji alimwoa dada wa mnoaji. Mnoaji ndiye aliyemfundisha kazi. Nilipompa mkataji mashine kubwa, mnoaji akanuna, na miezi minane hawakusemeshana. Meza zao zilitengana hatua nne tu, lakini mashine zilinguruma mpaka panya wa pale wakazaliwa viziwi. Kwa hiyo kila neno lilipita kwangu.

"Mwambie huyo Shingo ya Kuku aache kuzibana mbao kama anazidai," mnoaji alikuwa akisema.

Ninavuka. "Shemeji yako anasema unakata vizuri, ila usibane sana."

"Mwambie Mzee Tupa anoe ulimi wake kwanza, ndio wenye kutu."

Ninarudi. "Anakushukuru."

Nikajiona fundi wa kuongoza watu.

Jumanne moja asubuhi mnoaji akainua kichwa, akasikiliza. Yeye huujua msumeno kwa mlio. "Mwambie huyo mpumbavu msumeno wake unalia vibaya. Leo utamtoa macho, na mimi silii."

Nikasikia matusi, kama kawaida. Nikavuka hatua zangu nne. "Anakutakia kazi njema."

Sijafika hata mlangoni, msumeno ukapasuka. Wanaosema natia chumvi wakalitazame bati: kipande kilimvua mkataji kofia, kikatoboa paa, kikaenda kumpunguzia mkia jogoo wa jirani aliyekuwa anawika, akamalizia kuwika akiwa kuku wa kawaida. Mkataji alipona kwa sababu alikuwa ameinama kuokota penseli.

Mnoaji alifika kabla vumbi halijatua. Akamkamata shati.

"Nimekuonya, wewe. Dada yangu nimwambie nini?"

"Umenionya lini? Umenitakia kazi njema."

Wakageuka wote wawili, wakanitazama.

Nikapandisha sauti, maana mwenye kosa hupenda kuwahi. "Miezi minane mmenifanya mfereji wa maji machafu. Zimeni mashine. Kila tusi mlilonipa mtapeana wenyewe, uso kwa uso, na hakuna anayetoka."

Mashine zikanyamaza. Mnoaji akaanza. "Nimekufundisha kushika mpaka rula. Ukapanda mashine kubwa, hata hodi hukunipigia."

"Ningepiga hodi ya nini, shemeji? Niliuliza kama una kinyongo. Nikaambiwa umefurahi mpaka umecheka."

"Nani kakwambia?"

Mkataji alininyooshea kidole. Bado alikuwa navyo vyote kumi.

"Mzee," mnoaji akaniuliza polepole, "mimi nilicheka?"

Nilikuwa na uongo wa akiba mia mbili. Hata mmoja haukutoka. "Sikukuuliza," nikasema. "Niliogopa utakataa apewe mashine."

Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Akampa mkataji spana. "Shemeji, fungua hiki kipande cha msumeno kilichobaki. Njoo nikuonyeshe ufa ulipoanzia."

Nikasogea na mimi.

"Wewe kaa hapo hapo," mkataji akasema bila kugeuka. "Na usimwambie mtu kitu."