Waliolala Kama Chura

Alhamisi, kwenye baraza la chifu pale Kiritiri, Ireri, mzalishaji wa mbwa, alisimama bila kuitwa akamnyooshea kidole daktari wa mifugo.

"Huyu msichana wa serikali amedunga watoto wa mbwa wangu chanjo iliyooza! Wanne wamelemaa miguu ya nyuma. Mke wangu mlimwacha afe hospitalini kwa kukosa damu, sasa mmekuja kumalizia mbwa!"

Watu wakampigia makofi. Daktari mwenyewe, Caroline, hakujitetea. Alisema tu, "Mzee, Jumatatu niletee dume lako Embu, pamoja na mmoja wa hao waliolemaa. Tuwapige picha za mifupa."

Jumatatu Ireri akaenda amevaa koti lake la harusi, maana alijua anaenda kushinda. Kamanda, dume lake la Kijerumani, alitembea kando yake kama diwani aliyechaguliwa jana. Nje ya kliniki walimkuta Koome, mkulima wa miraa kutoka Maua, akimtoa Malkia kwenye pikapu. Malkia alikuwa binti wa Kamanda, mmoja wa wale wanne, sasa mwenye umri wa miaka miwili, na Koome alimbeba kifuani kama gunia.

"Mzee wangu, wewe uliniahidi askari," Koome alisema, "ukanipa mgonjwa wa kulazwa. Wezi wa miraa siku hizi wanampitia, wanamsalimia kwa jina."

"Ngoja kidogo. Leo utajua ni nani alimharibu."

Mbwa walidungwa dawa ya usingizi, wakapigwa picha. Caroline akaziweka mbele ya taa, akaonyesha kwa kalamu. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, na kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe cha nyonga, kikashikwa barabara. Cha Malkia kilikuwa kimechungulia nje, na kikombe chenyewe kimekuwa bapa kama kisahani. Kisha akaweka picha ya Kamanda. Ireri aliacha shule darasa la tatu, lakini hapo hakuhitaji kusomewa. Ilikuwa ileile.

"Mbona huyu anatembea?"

"Anavumilia tu, mzee. Hii hailetwi na sindano. Ni ya kurithi, na unene huizidisha. Njia ya kuipunguza ni kuzalisha wale tu wenye nyonga nzuri, ambao wazazi na ndugu zao pia wako sawa. Wewe huwa unachagua vipi?"

Swali hilo Ireri alilipenda. Hatimaye mtu wa ofisi anamuuliza yeye kitu! Akakaa vizuri.

"Wakifika wiki nane nawashibisha uji, halafu nawaangalia wakilala. Yule wa kulala kifudifudi, miguu ya nyuma ametandaza huku na huku kama chura, huyo ndiye mtulivu. Ana damu ya kizungu. Huyo nabaki naye azae. Hawa wa kurukaruka nawapa watu wa mbuzi."

Koome aliangua kicheko. Akamwangalia daktari, akaona hacheki, naye akanyamaza.

"Umefanya hivyo tangu lini?" Caroline aliuliza.

"Tangu babu yake huyu."

"Mzee, mtoto wa mbwa kulala hivyo si ugonjwa. Wengi hulala hivyo. Lakini ukimchagua kila mara yule ambaye nyonga zake zinafunguka zaidi, na kwa watoto wake tena hivyo hivyo..."

Ireri aliwaona akilini wale wa kurukaruka, wana miaka saba, minane, bado wanapanda mawe nyuma ya mbuzi huko kwa wachungaji. Hao ndio aliokuwa akiwatetea Wawira, marehemu mke wake. Naye alimjibu nini? Mambo ya mbwa wa maana awaachie wanaume. Akatafuta wa kulaumu: serikali, watengenezaji wa chakula cha mbwa, chifu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekaa kando ya sinia ya uji akichagua. Koti la harusi likambana kwapani.

"Mhasi," alisema bila kuinua macho. "Kamanda. Asizae tena."

"Nitamhasi. Lakini watoto wake wametawanyika. Wenye nao wasiwazalishe. Unawajua?"

Aliwajua wote, nyumba kumi na moja. Akatoa simu na kuanza na Suleiman, mwenye bucha kule Kinoru, aliyekuwa anangoja Kamanda apande jike lake wiki hiyo.

"Mzee Ireri! Unakuja lini na bwana harusi?"

"Siji. Daktari hapa anasema..." Caroline alikuwa anaandika, hata hakugeuka. Ireri akajisahihisha. "Hapana. Si daktari. Ni mimi, Suleiman. Nimekuwa nikizalisha viwete miaka yote hii, nikiwachagua kwa mkono wangu. Na yule dume niliyekupa usimpandishe popote."

"Na ile kelele ya baraza? Nimeonyeshwa video. Umemtukana binti wa watu mbele ya mji mzima."

"Ndiyo."

"Sasa unanipigia mimi kisirisiri?"

Suleiman akakata simu.

Caroline alifunga daftari. "Endelea na wengine, mzee."

"Nitaendelea," alisema, akiinama kutafuta namba ya pili. "Alhamisi njoo kwenye baraza, daktari. Tafadhali. Usiponiona nimesimama, uniite jina."