Aliingia kwa Miguu

Shati la mwalimu lilikuwa bado mezani, kola imelowa wanga, pale dobi alipomwambia Bi Pasi azime umeme. Hakumfokea. Alimweleza tu kwamba wakaguzi wamepita duka la jirani, na tajiri atakayekutwa na mgeni asiye na kadi anafungiwa mlango. Alete kadi leo, la sivyo asije tena. Bi Pasi, jina alilobandikwa na wateja kwa jinsi alivyojua kunyoosha nguo, akavua aproni akaenda kumchukua mama yake. Siku zote alikuwa akitania kwamba yeye ni mwanamke wa pasi asiye na pasi ya kusafiria. Leo utani huo haukumchekesha.

Mgeni, eti! Mgeni gani asiyejua mji mwingine wowote? Aliyekuja ni mama yake, tena na tumbo lake mbele, akaandikishwa, akapewa kadi ya ugeni ambayo mpaka leo huihuisha kila mwaka. Mtoto akazaliwa hapa hapa, katika hospitali inayotazamana na ofisi ya uhamiaji. Lakini sheria inasema mtoto wa mgeni ni mgeni, na kila mgeni mtu mzima ajiandikishe. Zamani hakuna aliyeuliza. Mwaka huu wameuliza.

Foleni iliwachosha mpaka mama akavua viatu. Dirisha la kwanza walimkuta karani mcheshi, aliyetaka kujua tarehe ya kuingia nchini. Bi Pasi akasema hakuingia, alizaliwa. Basi karani akaandika tarehe ya kuzaliwa. Halafu akauliza aliingia kwa njia gani: ndege, meli, gari au miguu. Bi Pasi akarudia yale yale. Karani akamwambia anamwelewa kabisa, isipokuwa kompyuta haimwelewi, na bila kuchagua haifungui ukurasa wa pili.

Mama akachungulia dirishani.

"Huyu alitanguliza miguu, mwanangu. Alinitesa siku nzima. Wewe andika miguu."

Karani alicheka mpaka akafuta machozi. Wakacheka wote watatu, na aibu ya asubuhi ikamtoka Bi Pasi. Karani akabofya miguu, akawaelekeza dirisha la pili.

Huko hakukuwa na kicheko. Afisa alisoma kwenye skrini yake: ameingia kwa miguu, hana muhuri wa mpakani. Kwa lugha ya pale, huyo kapita njia za panya. Bi Pasi alieleza, akamwonyesha hospitali ng'ambo ya barabara, akaomba warudi kwa karani akabadilishe. Afisa akajibu kwamba kilichokwisha kuingizwa hakifutwi ila kwa amri ya makao makuu, na amri huchukua miezi. Lakini kadi atapata leo leo. Yeye hana kosa, alikuwa mtoto mchanga. Limebaki swali moja tu.

"Aliyekuvusha ni nani?"

Bi Pasi aliona swali linakoelekea. Hakumtazama mama yake.

"Hakuna. Nilikuja peke yangu."

"Mtoto wa siku moja?"

"Si ndivyo kompyuta inavyosema? Nilitembea."

Afisa akasukuma kiti nyuma. Bila jina hakuna kadi, akasema, na anayefuata asogee. Bi Pasi aling'ang'ania pale pale dirishani. Ndipo mama alipomsogeza kwa bega, taratibu, kama anayeomba njia.

"Ni mimi. Nilimbeba mimi."

Afisa akaandika. Mashine ikanguruma, ikatoa kadi, naye akamkabidhi Bi Pasi ikiwa bado ina joto. Kisha akanyoosha mkono kwa mama, akaomba na yake. Aliyevusha mtu haruhusiwi kuwa nayo mpaka kesi yake isikilizwe.

Mama alifungua mkoba, akaitoa, akaifuta kwa pindo la nguo kabla ya kuiweka mezani.

"Wewe wahi kazini," alimwambia mwanawe.